Mitutu Isiyolia

Baba alipofariki kwa uzee, niliirudisha bunduki yake kwa polisi, na askari akaigonga mitutu kwa kidole. Nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu kwetu Adungosi.

Fundi wa bunduki kutoka Malaba aliichomoa ile mitutu miwili ya Kijerumani, ikinuka mafuta, akaining'iniza kidoleni na kuigonga. Ilitoa sauti ya chungu chenye ufa. Nilifurahi, nikidhani bunduki isiyolia haimdhuru mtu.

“Mzee, mitutu mizuri hulia kama kengele. Hii imeachana pale ilipounganishwa. Itakupasukia usoni.”

“Mjerumani hatengenezi takataka,” baba alisema. Akairudisha mitutu, akatia risasi. Tumbili walikuwa mahindini.

Mama akaziba mlango. “Baba Amoit, kama ni kufa, anza na mimi.”

Mama hakusogea. Mimi ndiye niliyemvuta leso ili baba apite.