Barua Tamu ya Mama Waraka

Kuna watu Mungu kawapa sauti, wengine kawapa mbio, na Mama Waraka yeye alipewa barua. Usicheke. Miaka ishirini na sita aliyofundisha kwao, mingi yake akiwa mwalimu mkuu msaidizi, kila barua iliyotoka shuleni kwenda kwa wazazi ilipita mkononi mwake. Mzazi aliyeapa kwamba hatoi hata senti moja ya kukarabati choo, akiisoma barua ya mama huyu analainika, anakuja na mchango wake na shukrani juu. Wenzake ndio waliompa jina hilo la Waraka. Likamganda, hata mumewe akawa analitumia akitaka kumchokoza.

Kitu kimoja tu kilimkaa rohoni. Miaka yote hiyo ya usaidizi, meza yake ilikuwa kwenye korido, kati ya kabati la chaki na choo cha walimu. Wakuu wa shule walikuja na kuondoka, naye yupo pale pale, anaandika barua wanazotia sahihi wao. Ofisi yenye mlango hakuwahi kuipata.

Basi alipostaafu mapema na kupata kazi ya kufundisha madarasa ya chini nchi ya watu, katika shule ya kulipia, alifunga sanduku kama msichana. Wifi yake akatangaza mtaa mzima. Muhula mmoja haujaisha, akamwita na mwanafunzi wake wa zamani, binti aliyekuwa akifundisha fizikia huko nyumbani kwa vibarua vya hapa na pale. Walimu wa ugenini wakamwita huyo binti Fizikia. Siku anaondoka nyumbani, mama yake alimpigia Mama Waraka simu.

"Mwalimu, mtoto huyo ni wako. Mimi nimezaa tu."

"Usiwe na wasiwasi, mama," Mama Waraka akajibu. "Yuko mikononi mwangu."

Liweke akilini jibu hilo.

Shule yenyewe ilikuwa ghorofa tatu, ngazi zinanuka dawa ya kupigia deki, na chumba cha walimu kina kiti kimoja kibovu ambacho kila mgeni lazima akikalie kwanza ndipo aambiwe. Mkurugenzi alikuwa mtu nadhifu, mwenye kushika mkono wako kwa mikono yake miwili na kuulizia watoto wako kwa majina. Mwanzoni walimu wageni, wote kumi na wawili, walilipwa taslimu kwenye bahasha. Kisha wakapelekwa benki kwa basi la shule, kila mtu akafunguliwa akaunti. Wakafurahi. Wiki iliyofuata tangazo likabandikwa ubaoni: walimu wote wageni wakabidhi kadi za benki, namba za siri na laini za simu walizosajilia akaunti, ofisi ya mishahara, kabla ya Ijumaa. Asiyekabidhi halipwi.

Chumba cha walimu kikachafuka.

"Namba ya siri niigawe?" Fizikia akasema. "Basi si ya siri tena hiyo, ni ya ukoo."

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu wa michezo, mwanamume mrefu ambaye filimbi haimtoki shingoni hata akila, akasema mkewe wa ndoa haijui namba yake, sembuse ofisi. Ijumaa ikafika, ikapita, na hakuna kadi hata moja iliyokabidhiwa.

Jumatatu Mama Waraka akaitwa kwa Mkurugenzi. Akawekewa kiti kizuri na chai.

"Mama, watu hawakunielewa," Mkurugenzi akaanza. "Mimi ulimi sina. Lakini nasikia wewe una kalamu. Ni wiki mbili tu, akaunti ziunganishwe na mfumo wa mishahara, kadi zirudi. Niandikie barua wanielewe."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo pananiuma mimi ninayesimulia. Mama huyu hakuwa mjinga. Aliweka kikombe chini akauliza swali safi kabisa.

"Samahani, Mkurugenzi. Anayetia pesa kwenye akaunti si anahitaji namba ya akaunti tu? Kadi na namba ya siri ni vya kutolea."

Mkurugenzi alitabasamu, akainuka, akafungua mlango wa chumba cha pembeni. Ndani mlikuwa na meza, dirisha linaloangalia uwanjani, na ufunguo unaning'inia kitasani.

"Tunatafuta mkuu wa taaluma," akasema. "Nilikuwa nakufikiria wewe, mama yetu."

Mama Waraka akautazama ule mlango. Swali lake akalimeza, likashuka pamoja na chai.

Kilemba cha ukoka huvikwa mtu mwenye kichwa chake, na yeye alikiinamia mwenyewe avikwe vizuri. Barua ikaandikwa mchana ule ule. Na ilikuwa barua! Ilianza kwa kuwashukuru wenzake kwa uvumilivu wa ugenini. Ikapita taratibu kwenye suala la kadi, kama mtu anayepita kitandani kwa mgonjwa. Na pale tangazo liliposema asiyekabidhi halipwi, yeye aliona maneno hayo makali, yanatia watu aibu, akayaondoa. Akaandika: "Tunakabidhi kwa hiari yetu wenyewe, kwa kuaminiana."

Mkurugenzi aliposoma hapo alipiga meza kwa furaha.

"Hiyo ya hiari nimeipenda! Sasa weka jina lako chini, mama. Wanakuamini wewe kuliko mimi."

Akaliweka. Kisha akaenda ubaoni, akalibandua lile tangazo la mwanzo, akalikunjakunja akalitupa kapuni, akabandika barua yake ikae peke yake. Asubuhi iliyofuata alisimama mbele ya wenzake, akawa wa kwanza kutia kadi yake kwenye bahasha ya kaki. Akafuata mwalimu wa michezo, akafuata huyu na yule, kila mmoja anatia sahihi chini ya barua. Mpaka mapumziko zilikuwa kadi kumi na moja.

Fizikia alimfuata darasani, watoto wametoka kucheza.

"Mwalimu, wewe umeona ni salama?"

"Mwanangu, ningekupeleka pabaya mimi?"

Binti akatoa kadi mfukoni bila neno la pili. Akaandika namba yake ya siri kwenye kikaratasi, akaitoa na ile laini ya benki kwenye simu kwa pini ya nywele, akamkabidhi vyote mkononi. Mikononi mwangu, alisema Mama Waraka, siyo?

Wiki mbili zikawa mwezi. Mama Waraka akahamia ofisini kwake, akanunua kalenda na ua la plastiki. Mshahara wa mwezi ule ukaja tena kwenye bahasha, eti mfumo bado unarekebishwa, na yeye ndiye aliyewagawia wenzake huku akiwaambia wawe na subira. Mwezi wa pili hata bahasha haikuja. Fizikia, ambaye tangu mdogo hakuwa mtu wa kukaa na swali, akaenda benki kuomba taarifa ya akaunti yake.

Karani akatazama kompyuta, akamtazama binti, akatazama tena kompyuta. Akamwambia asubiri kidogo. Aliporudi alikuwa na meneja, na nyuma ya meneja yupo askari.

Akaunti ile ilikuwa imepitisha pesa ambazo Fizikia hajawahi hata kuziota. Zinaingia asubuhi, zinatolewa kwa kadi kabla ya jioni. Zilikuwa pesa za watu walioibiwa, wengine wazee, na polisi walikuwa wanazitafuta kwa miezi. Akaunti zote kumi na mbili zilitumika hivyo hivyo, lakini ya Fizikia ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa. Zikafungiwa zote. Fizikia akanyang'anywa pasi yake ya kusafiria, akaambiwa asitoke nje ya mji, arudi kituoni Alhamisi aeleze, na asipokuwa na la kueleza atawekwa ndani.

Mpelelezi akaenda shuleni. Mkurugenzi akampokea kwa mikono miwili, akamtolea barua.

"Shule haijaomba kadi ya mtu. Walimu walipanga mambo yao wenyewe, kwa hiari. Soma hapo. Na jina la mwenye barua hilo hapo chini."

Lile tangazo la vitisho liko wapi? Liliishia kapuni siku nyingi, na aliyelitupa tunamjua.

Hakuna aliyemtukana Mama Waraka. Laiti wangemtukana! Alipoingia chumba cha walimu mazungumzo yalikatika. Mwalimu wa michezo, mtu wa mizaha, aliinuka akamwachia kiti chake kizima, mwenyewe akaenda kukalia kile kibovu. Heshima ile ilimchoma kuliko kofi. Alitamani ardhi ipasuke immeze na ua lake la plastiki. Hakurudi ofisini, siku zile alisahihishia madaftari ngazini, uso ameuinamisha, na watoto wakimpita wanampa shikamoo naye haitikii.

Jumanne simu ikalia. Mama yake Fizikia.

"Mwalimu, mwanangu tangu juzi hapatikani. Kuna nini huko?"

"Mtandao, mama," akasema. "Mtandao wa huku mbovu."

Akakata simu akakaa akiitazama. Umri ule, mvi zile, anamdanganya mzazi. Machozi yakamtoka, na hata hayo aliyaonea aibu.

Jumatano mchana Fizikia akaja chumbani kwake, chumba cha kupanga chenye kitanda, jiko la umeme na rundo la madaftari.

"Mpelelezi anasema benki wanahesabu kwamba mtu akitoa namba yake mwenyewe, mzigo ni wake," akasema, bado kasimama. "Kinachoweza kunisaidia ni maelezo ya aliyeandika barua. Kwamba hiari haikuwepo. Nimekuja uniandikie."

Mama Waraka akachukua kalamu kama mtu aliyeombwa maji. Dakika kumi, ukurasa umejaa. Fizikia akausoma: "Kwa masikitiko makubwa, na kwa unyenyekevu, napenda kueleza kwamba sisi sote, kutokana na ugeni wetu, tulighilibiwa..." Akausoma mpaka mwisho, akaurudisha mezani.

"Mwalimu, darasa la sita ulinirudishia insha mara tatu. Ulisemaje?"

Mama Waraka akainama. "Nilisema maneno unayo, habari huna."

"Andika tena."

Akaandika tena. Safari hii alimtaja Mkurugenzi, akataja tangazo na vitisho vyake, na namna alivyombana. Fizikia akasoma, akavuta kiti, akakaa. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Siku ile darasani uliniuliza kama ungenipeleka pabaya. Ulikuwa unajua?"

Angeweza kusema hapana. Ni nani angembishia? Tangazo halipo, na Mkurugenzi asingesema. Akatazama dirisha, akatazama mikono yake.

"Nilijua haviendani," akasema. "Nilimuuliza mwenyewe kadi ya nini. Hakunijibu. Akanionyesha mlango."

"Mlango gani?"

"Wa ofisi."

Fizikia akaisukuma pembeni ile karatasi ya pili.

"Mlango tu, Mwalimu?"

"Mlango tu, mwanangu."

Akavuta karatasi ya tatu. Ile haikuzidi mistari mitano. Mkurugenzi aliagiza kadi na kutishia kuzuia mishahara. Maneno ya hiari ni yangu, nimeyaweka mimi. Tangazo lake nililitupa mimi. Nilijua kadi ni ya kutolea pesa, nikawashawishi wenzangu na huyu binti kwa sababu niliahidiwa cheo. Basi. Hakuna masikitiko makubwa wala unyenyekevu. Fizikia akaisoma. Akaikunja akaitia kwenye mkoba, na hakusema ahsante.

Alhamisi asubuhi walikwenda kituoni pamoja, kila mmoja upande wake wa barabara. Mpelelezi akasoma mara mbili.

"Mama, unaelewa? Mkurugenzi anakana, na tangazo halipo. Ukitia sahihi hapa, anayebaki ni wewe."

"Nipe kalamu," akasema.

Fizikia akarudishiwa pasi yake. Alisimama mlangoni akiishika, kisha akatoka. Askari akamwonyesha Mama Waraka chumba cha kusubiria: meza, dirisha moja, mlango mzima kabisa, na ufunguo anao askari. Akamwomba simu yake, na papo hapo simu ikaanza kulia mkononi mwa Mama Waraka. Akalitazama jina, ni mama yake Fizikia, akamtazama askari.

"Pokea," askari akasema. "Upesi."

Safari hii hakuusingizia mtandao. Alimweleza mama yule yote, barua, kadi, mlango, hata ule uongo wa Jumanne. Akasema mwanao yuko salama, kashapewa pasi, anarudi nyumbani. Akasema niliyemponza ni mimi, na nilijua. Kisha akanyamaza, amefumba macho, anasubiri matusi. Aliyahitaji.

Matusi hayakuja.

"Na wewe, Mwalimu," mama yule akauliza taratibu, "wewe unarudi lini?"

Mama Waraka, ambaye katika maisha yake hakuwahi kukosa neno la kumwandikia mzazi, alikosa la kusema. Alimkabidhi askari simu ikiwa bado inaongea.