Sala ya Mama Byron

Nekoye, ambaye sisi humwita Mama Byron, ana kipaji cha kuomba. Akianza kuomba kanisani kwake hapa Ruiru, hata wapita njia hupunguza mwendo. Ndiyo maana kiwanda chetu cha nguo kikipata wageni, yeye ndiye huitwa kufungua kwa sala. Siku nyingine zote tunapiga pasi pamoja, na hakuna anayemwita popote.

Chumba cha pasi kina paa la mabati na madirisha yaliyopigwa misumari, kwa sababu zamani mtu mmoja aliiba suruali akazirusha nje kupitia dirishani. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Februari mwaka huu joto lilizidi. Trizah, msichana wa Juja aliye mjamzito, akaanguka kando ya meza yangu. Alipozinduka, Mama Byron alimwendea meneja, Bwana Gachanja.

"Boss, tufungulie tu madirisha."

"Mama Byron, wacha sherehe ipite kwanza. Na huyo akianguka tena, aende akae kwao."

Kwao ni mama mgonjwa anayekula kwa kazi hiyo. Nilikasirika, lakini hasira yangu mimi huishia kwenye pasi.

Sherehe yenyewe, ucheke au ulie, ilihusu joto hilohilo. Kampuni ilikuwa inaipa shule jirani feni na tangi la maji, ili watoto wasome bila kuteseka. Sikatai, watoto walifurahi, nami nilifurahi nao. Wanunuzi wa ng'ambo walikaa chini ya hema, dada mmoja wa ofisini akiwatafsiria. Mama Byron akaitwa mbele.

Aliwaombea watoto, walimu na kampuni. Tukadhani amemaliza.

"Na Baba, uliona Trizah akianguka kwa chumba ya pasi. Uliona zile misumari kwa madirisha. Gusa roho ya boss wetu azitoe, na Trizah asifutwe kazi. Hewa ni yako, Baba."

Nilifumbua jicho moja. Nani atamkatiza mtu akiongea na Mungu? Dada wa ofisini aliendelea kutafsiri, neno kwa neno. Wageni wakasema amina. Gachanja naye, angefanyaje? Alisema amina.

Jumatatu fundi alikuja kung'oa misumari. Trizah bado yuko kazini, na amepewa stuli.

Lakini Mama Byron hana raha. "Sijui kama niliomba ama nilishtaki mtu," aliniambia, upepo ukituingilia dirishani. "Mungu alikuwa anajua tayari. Mimi nilikuwa naongelesha hao wageni."

Nilimwambia Mungu hajalalamika. Hakucheka.

Mwezi uliopita wageni walirudi. Mama Byron alikuwa amevaa kitambaa chake cheupe cha kichwani, akingoja kuitwa. Hakuitwa. Sala ilisomwa na dada wa ofisini kutoka kwenye karatasi, na karatasi hiyo ilikuwa imepitia kwa Bwana Gachanja kwanza.