Bunduki ya Bega la Kushoto

Mama Tupa alikuwa fundi wa bunduki, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu tupa haikumtoka mkononi. Hata ukimweleza habari za harusi ya mwanao, yeye alikusikiliza huku akikwangua kipande cha chuma. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli: dirisha la nondo, jiliwa mbili za kubania chuma juu ya meza nzito, na kabati la chuma ambalo funguo zake alizivaa shingoni. Kazi aliirithi kwa baba yake, pamoja na tabia ya kutomwamini mtu yeyote anayeingia mlangoni na silaha.

"Muuza sukari akikosea, mtu anakosa chai," alizoea kusema. "Mimi nikikosea, watu wanakwenda makaburini."

Siku moja kiongozi mmoja wa wawindaji alimletea bunduki kuukuu ya wenzo. Walijuana miaka mingi. Kazi ya bwana huyo ilikuwa kuwapeleka wageni porini kuwinda wanyama wakubwa, na kusimama nao nyati aliyejeruhiwa anapogeuka. Sikuzote alitumia bunduki ya komeo, ile ya kuvuta mpini wa upande wa kulia kila unapopiga. Hii ilikuwa ya mtindo wa zamani, risasi zinapangwa ndani ya mrija chini ya mtutu, na kila ukitaka kupiga unashusha wenzo ulio chini ya kifyatulio na kuupandisha.

"Nataka iwe ya nyati," alisema. "Ulainishe wenzo, uweke kilengeo cha tundu la kuchungulia, na raba nyuma ya kitako. Kitako chenyewe ukichonge upya. Pa kulaza shavu pawe upande wa kulia."

Tupa ilisimama. Shavu likilazwa upande huo, bunduki inapigwa kwa bega la kushoto. Na mtu huyu alikuwa wa kulia. Yeye Mama Tupa ndiye aliyemchongea kitako cha bunduki yake ya kwanza.

"Ya nani hii, kaka?"

"Yangu. Si kibali hicho hapo?"

Mama Tupa alikiinua kibali kwenye mwanga wa dirisha, akaukwangua muhuri kwa ukucha. Kilikuwa halali. Hilo halikumtuliza hata kidogo.

Jioni alimsimulia mumewe, dereva wa lori aliyestaafu.

"Kuna mtu nyuma yake," mume akasema, kijiko kikiwa hewani. "Mtu wa kushoto aliyenyimwa kibali. Siku ukiulizwa, utasema nini?"

"Kwamba niliona kibali."

"Utayasema hayo ukiwa umekaa wapi?"

Mama Tupa akasukuma sahani pembeni. Hata hivyo kazi aliifanya, maana bunduki ikiwa kabatini mwake haiwezi kuwa mikononi mwa mwingine. Alisugua kwa jiwe laini kila mahali chuma kilipokwaruzana na chuma, mpaka wenzo ukateleza. Alibadilisha springi ya mrija iliyochoka. Kitako alikichonga kwa mti mgumu, akakipiga msasa na kukipaka mafuta. Risasi alitafuta za ncha bapa, kwa sababu ndani ya mrija ncha ya moja hugusa kitako cha mwenzake, na ncha kali inaweza kuilipua.

Kiongozi alipita mara kwa mara kuangalia. Kila alipokuja, alimtazama fundi kwa upande, kichwa kimegeuka kidogo. *Mtu mwenye jambo huyu,* Mama Tupa aliwaza.

"Nipe nikaijaribu mwenyewe," kiongozi alisema kazi ilipokwisha.

"Kwangu haitoki bunduki ambayo sijaiona ikipiga."

Walikwenda kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, mahali palipotengwa kwa majaribio. Mama Tupa alipiga kwanza, bunduki imelazwa juu ya mfuko wa mchanga, akarekebisha kilengeo. Kisha akampisha mwenye bunduki, akijiandaa kumwona akibabaika.

Hakubabaika. Aliiweka bega la kushoto, akapiga, akashusha wenzo, akapandisha, akapiga tena. Matundu yote yalikaa mahali ambapo kiganja kingeyafunika. Basi bunduki ilikuwa yake kweli! Lakini mtu mzima anahama bega kwa nini?

"Iweke chini," alimwambia, akahakikisha imebaki tupu. Kisha akasogea polepole upande wake wa kulia na kupunga kitambaa cha mafuta karibu na uso wake. Kiongozi aliendelea kutazama shabaha.

"Kaka, jicho la kulia lina nini?"

Mwanamume aligeuka, akaona kitambaa, akaketi juu ya jiwe.

"Limezima. Daktari anasema halirudi. Ndiyo maana nikachagua hii. Komeo liko kulia, lakini wenzo uko chini katikati, hauchagui mkono."

"Nani anajua?"

"Wewe. Mke wangu hajui. Mwajiri akijua, nitabaki kuosha magari."

"Unapiga vizuri kuliko wengi wenye mawili. Ila nyati akitokea kulia?"

"Nitageuza shingo."

"Na mgeni unayemwongoza, yeye atageuza nini?"

Mama Tupa aliifunga bunduki ndani ya mfuko wake.

"Hii inarudi kabatini. Kamwambie mwajiri, halafu uje."

"Dada, hiyo ni mali yangu! Nitakwenda polisi."

"Nenda. Utawaeleza na habari za jicho."

Siku kadhaa zikapita, kisha simu ikalia. Sauti nzito ikasema ni ya mwajiri, ameshaambiwa yote, bunduki itolewe. Mama Tupa alishukuru, akakata, akatafuta namba ya ofisi yao mwenyewe, akapiga.

"Mama, si tumeongea sasa hivi?" Ilikuwa sauti ileile, imechoka.

"Nilitaka kuhakikisha."

Mwajiri akaeleza kwamba kiongozi hatatembea tena na wageni peke yake. Mwenzake atakaa upande wake wa kulia, na msimu wa kuwinda ukifungwa atawafundisha viongozi wapya kulenga.

Kiongozi alikuja na mkewe. Alipokea bunduki bila maneno mengi, akavuta wenzo, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Mkewe hakuitazama bunduki. Alimkazia macho Mama Tupa.

"Jicho lilianza lini? Ameniambia jana tu."

"Muulize mwenyewe, mdogo wangu. Mimi ni fundi wa bunduki."

"Nitamuuliza nyumbani," mke akasema, akafungua mlango.