Mashine Isiyopokea Shikamoo

Nilikuwa soko la samaki la Katonga, nimeinamia karai la migebuka, mama muuzaji aliponiambia kwamba yule mzee wa Buzebazeba aliyekuwa akifundisha watoto kompyuta amefariki. Nikasema innalillahi, halafu, Mungu anisamehe, nikacheka. Mama naye akacheka huku akijifuta macho kwa ncha ya khanga. Wasomaji wangu msinione sina adabu. Kuna watu ukiwakumbuka, kicheko kinatangulia machozi.

Alikuwa karani mstaafu, mwembamba, suruali imepigwa pasi hata Jumamosi. Kompyuta zake mbili, watoto ishirini, na umeme ukikatika, maana ulikuwa unakatika kwelikweli, zinabaki mapambo. Basi akawa anawatoa nje, ufukweni. "Leo mashine ni mimi," anawaambia. "Mtakachoniamuru ndicho nitakachofanya, hakizidi hakipungui. Mkijua kuniamuru mimi hatua kwa hatua, mtajua kutengeneza michezo yenu wenyewe kwenye kompyuta." Sasa mtoto gani wa Ujiji atamwamuru mzee? Binti mmoja wa miaka kumi hivi, baba yake muuza nyavu, akajikaza: "Shikamoo mwalimu. Samahani, naomba usogee mbele kidogo." Mzee hasogei, hata kope hazichezi. Baadaye akasema, "Mashine haijui salamu, iwe shikamoo au mwakeye ya kwetu. Na hicho kidogo ni hatua ngapi?" Binti akainamisha kichwa, machozi yanamlengalenga.

Jumamosi iliyofuata baba mtu akaja kumtoa mwanawe, na mimi nilikuwepo, kwa umbeya wangu tu. "Shikamoo mzee. Binti yangu harudi tena hapa. Nimemlea aheshimu wakubwa, wewe unamfundisha kuwapa amri? Kesho si ataniamuru mimi!" Binti kasimama nyuma yake, daftari kifuani. Mzee hakubishana. "Marahaba, mwanangu. Niamuru wewe kwanza, mara moja tu, kisha umchukue." Bwana yule akaguna, akanyoosha mkono kuelekea ziwani: "Haya, nenda mbele!" Kisha akanigeukia mimi kuendelea na malalamiko yake.

Mzee akaenda. Vikaingia viatu, ikaingia pasi ya suruali, ukaingia mkanda. Ziwa letu mnalijua, hatua chache tu huoni chini, na mzee wa watu kuogelea hajui! Baba kugeuka, akapagawa: "Mzee! Jamani! Mzee wangu, tafadhali! Utazama!" Mashine na tafadhali wapi na wapi. Maji yalikuwa yamefika kifuani niliposikia sauti nyembamba ikilia kwa nguvu: "Simama! Geuka nyuma! Tembea hatua ishirini!" Mzee akasimama, akageuka, akazihesabu hatua zake kwa sauti mpaka mchangani, maji yanamchuruzika. Akamuuliza baba, "Mwanao kanivunjia heshima, au kaniokoa?" Yule bwana alicheka mpaka akakaa chini. Mtoto hakuondolewa tena.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza. Sisi tulilelewa kunyamaza mbele ya wakubwa, tukaita adabu. Nimekaa vikao vingi ambamo mkubwa alikuwa anaelekea majini mchana kweupe, nasi tunamwambia tafadhali mheshimiwa, kama itakupendeza mheshimiwa, mpaka maji yanamfika shingoni. Mimi mwenyewe nimo, tena mstari wa mbele. Mzee yule hakuwafundisha watoto utovu wa adabu hata kidogo. Aliwafundisha kwamba unayempenda, akielekea pabaya, unamwambia wazi, kwa maneno anayoweza kuyafuata.

Jumamosi baada ya maziko nilipita tena pale. Umeme haukuwepo, bila shaka. Watoto walikuwa ufukweni, na katikati yao, wima, mikono imenyooka, yule binti, sasa mwanamke kamili amerudi kutoka chuoni. Kitoto kimoja kinamwambia kwa woga, "Shikamoo dada, naomba usogee kidogo." Hasogei. Nikamwita, "Hujambo, binti?" Kimya. Nikataka kukasirika, mtu wa umri wangu! Halafu nikakumbuka nazungumza na nani. Nikaondoka zangu, salamu yangu haijaitikiwa, na sikumbuki lini nimefurahi vile.