Mlango wa Stoo Tunaurudishia Tu

Jamani, mmewahi kuona mtu anajianika mwenyewe mbele ya watu, huku anapigiwa makofi?

Mimi nimeona. Tena kwenye semina.

Nafanya kazi chumba cha kufulia kwenye hoteli kubwa. Napiga pasi mashuka, nakunja, napeleka stoo. Kazi nilitafutiwa na shangazi yangu, ambaye kazeekea humo humo.

Huyo shangazi alikuwa ananikera, acheni tu! Msimamizi wetu akiniita stoo, shangazi huyo nyuma yangu. Mara kasahau taulo, mara anatafuta sabuni. Wenzangu wakanicheka, eti nimekuja kazini na yaya.

Siku moja msimamizi alinivizia shangazi akiwa chooni.

"Mkataba wako wa kudumu ninao mimi, bado sahihi tu. Kesho semina ikiisha, njoo stoo. Peke yako."

Akanong'ona na mengine. Nilijua anachotaka. Usiku sikulala. Mama yangu mgonjwa, na dawa zake zinatoka kwenye mshahara huo. Kufika asubuhi nimeshajikatia tamaa: potelea mbali, nitakwenda.

Semina yenyewe sasa! Kuzuia unyanyasaji wa kingono kazini. Viti vya plastiki, maji ya chupa, na mkufunzi mmoja dada mpole.

"Nataka wawili waigize," akasema. "Mmoja bosi msumbufu, mwingine mfanyakazi."

Msimamizi akaruka juu. "Bosi niachieni mimi!"

Anapenda kuonekana huyo. Na mfanyakazi akavutwa nani? Mimi hapa.

Akanizunguka, kajishika kiuno. "Mrembo, mikono imechoka na pasi. Njoo stoo nikukande kidogo."

Ukumbi ukavunjika mbavu. Hata mkufunzi kacheka. Mimi nikarudi nyuma hatua moja, maana ni maneno yale yale aliyoninong'oneza jana.

Ndipo sauti ikatoka nyuma.

"Usiogope, mlango hatufungi, tunaurudishia tu."

Kicheko kikakatika.

Hayo msimamizi hakuwa ameyasema pale mbele. Lakini ndivyo anavyomalizia. Mimi najua, niliambiwa.

Mpishi wa keki akasimama. "Hata mimi aliniambia hivyo hivyo." Dada wa mapokezi akaanza kulia kwa sauti.

"Jamani, si tunaigiza?" msimamizi akasema. Jasho linamtoka.

Nikageuka nimwone aliyeanza.

Shangazi yangu. Kasimama wima, kamkazia macho msimamizi.

Msimamizi alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo, uchunguzi unaendelea. Shangazi naye hajarudi kazini mpaka leo. Anasema mlango ule hawezi kuutazama tena.

Nilimfuata kwake. "Shangazi, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeacha kazi. Mama yako angemeza nini?" Akawa anakunja kanga ambayo ilishakunjwa. "Mimi enzi zangu sikuwa na wa kunifuata, mwanangu."

Nililia siku hiyo kama mtoto mdogo.

Kwa hiyo ndugu zangu, mtu akikufuatafuata kazini, usikimbilie kumwita yaya. Muulize anaogopa nini.

Na wewe unayeyabeba maneno ya mtu kama yule ukidhani uliambiwa peke yako, yatoe. Huenda ukumbi mzima unajua yanavyoishia.