Makombe Yenye Matundu Kisimani kwa Biasha

Biasha aliolewa Gwata akitokea Kisiju, pwani kabisa, na mpaka leo, mwaka wa kumi na nane, wifi zake wanamcheka anavyopalilia. Anainama mno, macho chini, kama aliyepoteza pete. Ni mazoea. Tangu ana miaka saba aliingia mchangani maji yakipwa, yeye na shangazi zake, kuokota makombe ya kitoweo. Mkono wake ulijua kombe lenye nyama na kombe tupu kabla jicho halijaona.

Gwata kuna lambo, mwendo wa saa nzima na ndoo kichwani, na Biasha alilifuata kila siku ya miaka hiyo. Kwa hiyo mumewe Latifu, anayefanya kazi kiwandani Zegereni, alipomleta fundi Mfaume kuchimba kisima nyuma ya nyumba, ilipikwa pilau siku ambayo si sikukuu.

Mfaume alichimba siku kumi na moja. Kwenye futi ya thelathini na moja akatikisa kamba, akavutwa juu, akakaa juu ya kifusi na kufungua kiganja. Vigamba vyeupe, vidogo, kila kimoja kina tundu la mviringo, safi, kama kazi ya fundi saa.

"Shanga," akamwambia Biasha. "Mama Hajira, mimi hapa nimefika."

Wachimbaji wa huko wana sharti: ukikuta shanga, chungu au mfupa, basi chini kuna mtu amelazwa. Unaomba radhi, unafukia. Akaitwa Zahoro, kaka mkubwa wa Latifu, mwenye kauli ya mwisho juu ya shamba la ukoo. Akavigeuza vile vigamba, akaguna.

"Kesho baada ya Ijumaa tunasoma dua, tunafukia."

Biasha aliliona lambo lote mbele yake, na miaka mingine kumi na nane. "Shemeji, usiamue bado. Nipe mpaka alasiri ya leo."

"Alasiri kuna nini?"

"Njoo utaona."

Akamimina kifusi kwenye ungo, akakiosha kwa nusu ndoo ya maji ya lambo, akachambua kama anayechambua mchele. Zahoro aliporudi alikuta mkeka, uzi na sindano.

"Shanga si hutungwa?" Biasha akamwambia. "Tunga. Ukifikisha thelathini, nafukia mwenyewe kwa mikono yangu."

"Na uzee huu mnanitungisha shanga," Zahoro akanung'unika, lakini akavaa miwani. Akatunga saba. Cha nane sindano ikagoma. Tundu lilianzwa, halikufika upande wa pili. Cha tisa vilevile.

"Fundi wao alikuwa anasinzia kazini," Mfaume akasema.

Cha kumi kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele, nacho kimetobolewa sawasawa. Zahoro akakitazama, akamtazama shemeji yake. "Hiki alivaa nani, sisimizi?"

Hapo ndipo Biasha alipokaa chini. Haya si shanga, akamweleza, ni makombe ya baharini, na aliyeyatoboa ni konokono wa mchangani. Analikumbatia kombe, analisugua kwa ulimi siku nzima, pengine mbili, mpaka linatoboka, kisha anafyonza nyama. Ndiyo maana tundu ni pana nje na jembamba ndani. "Kwetu tukilikuta lenye tundu tunaliacha. Mwenzetu keshatangulia kula."

"Ulimi utoboe jiwe?"

"Unatoboa."

"Mke wangu wa kwanza alikuwa nao huo," Zahoro akasema, na Mfaume akageukia ukutani kucheka.

Biasha akampa kombe lenye kovu: kaa alilibana, likamponyoka, likajiziba ufa. Akampa jingine, ndani yake kaota chaza mdogo. "Huyu alihamia mwenye nyumba alipokwisha kuliwa."

"Bila hodi?"

"Amwambie nani?"

Zahoro hakuwa mtu wa kukubali haraka. "Bahari iko wapi na Gwata iko wapi? Labda watu waliyabeba."

Biasha akamwekea mkekani makombe mawili yaliyofumba pande zote mbili, mchanga umejaa ndani. "Haya hayajabebwa wala kuliwa. Yalifia mchangani yalipokuwa yakiishi. Bahari ilikuwa hapa, shemeji, kabla hajazaliwa wa kuvaa shanga."

"Basi nionyeshe huyo mlaji."

Biasha akarudi kwenye kifusi, akainama kama anavyopalilia. Jua lilishafika kwenye paa la jiko alipoinuka na kitu cha mviringo, kikubwa kama njugu mawe. Konokono. Zahoro akampokea, akampangusa kwa kanzu, akamgeuza. Ubavuni alikuwa na tundu lilelile.

"Naye kaliwa?"

"Na mwenzake. Hao wakikosa kombe wanakulana."

Zahoro alicheka mpaka miwani ikamshuka. "Mfaume, hapa hakuna kaburi. Hapa palikuwa kwa mama ntilie. Teremka."

Mfaume akateremka. Maji yalitoka kwenye futi ya thelathini na nane, Jumatatu asubuhi, na Biasha akampelekea Zahoro kikombe cha kwanza. Akaonja, akaonja tena.

"Yana chumvi kwa mbali."

"Mchuzi wao huo, shemeji," Biasha akasema, akapokea kikombe na kumjazia kingine.