Sumaku Niliyoigeuza

Harufu ya gundi inayochemka kwenye kopo hunirudisha Butembo, katika ua wetu, msimu ule wa vita barabara ilipofungwa na mama akakwama Beni, kwa dada yake wa mtaa wa Bungulu. Kila jioni redio ilisoma ujumbe wa watu waliotengana na jamaa zao, lakini yetu ilikuwa imenyamaza na mawe ya redio, yaani betri, hayakupatikana dukani. Baba, fundi redio, akaamua kuunda mtambo wa upepo: mabawa ya mbao, nyaya za shaba zilizoviringwa, na gurudumu la kubandikia sumaku za spika mbovu. Msaidizi wake alikuwa Masika, dada yangu mkubwa. Mimi Kavira, binti wa pili, nilipewa kazi ya kupepea makaa.

Nilimwonea wivu mpaka chakula kikanishinda. Baba hakuwa na jina jingine mdomoni ila Masika. Alimfundisha kwamba kila sumaku hugeuziwa uso ulio kinyume cha jirani yake, la sivyo umeme unakufa. Mimi nilisikia yote, moshi ukinitoa machozi. Walipoingia ndani kunawa mikono, gundi ikiwa bado mbichi, niling'oa sumaku moja, nikaigeuza, nikairudisha.

Mabawa yalizunguka vizuri, lakini redio ikakoroma tu. Kwa karibu juma zima baba alitafuta kosa kwenye nyaya, mwisho akalikuta kwenye sumaku.

“Masika, donc ulikuwa unaangalia wapi?”

“Papa, nilipanga muzuri. Hapana miye!”

“Basi ni nani? Acha. Kavira atashika.”

Nikakaa mahali pake na, sitaficha, nikafurahi. Jioni ile redio ilisema, ila jina la mama halikusomwa. Siku ya pili yake mama akafika kwa miguu, nyayo zimepasuka, mzigo kichwani, akauliza mbona hakuna aliyekwenda kumpokea njiani. Ujumbe wake ulikuwa umesomwa jioni tatu mfululizo, redio yetu ikikoroma. Baba alimtazama Masika tu.

Leo mapaa ya Butembo yamejaa sola, na redio imo ndani ya simu. Mimi ndiye fundi wa ukoo. Masika, ambaye hakugusa waya tena, anauza maharagwe sokoni. Juzi aliniletea mteja mwenye redio mbovu, akamwambia kwa majivuno: “Mupatie huyu mudogo yangu. Mukono yake hapana inakosaka.” Niliipokea ile redio nikainama, nisimtazame usoni. Mkono ambao haukukosea ulikuwa wake, na mpaka leo namwonea wivu.